Liwa Isiyotoka kwa Sabuni

Mahajanga, Jumatano. Jua limeamka na hasira. Mimi pia.

Nimesalitiwa na dada yangu wa tumbo moja.

Mwaka mzima nimepigana na krimu za kukinga jua za duka la dawa. Nilisoma katika majarida ya Kifaransa kwamba ndani yake mna kemikali inayomeza mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana lakini inayounguza ngozi. Nikaandika gazetini: tumepata uhuru, kwa nini tununue kivuli kutoka Ulaya? Mama zetu walisaga liwa, ule mti wa kunukia, juu ya jiwe, wakapaka uso ukawa wa manjano, wakashinda juani. Dada yangu Zaina alitoka kisiwani Nosy Be akasimama mbele ya wanawake wa mtaa wetu wa Tanambao, liwa usoni, akasema, "Nyumbani kwangu haiingii nyingine." Wakapiga vigelegele. Mwenye duka akaacha kuagiza krimu.

Jana Zaina alikuja na bintiye Echata, aliyezaliwa na ngozi isiyo na rangi. Kola ya gauni jeupe la mtoto ilikuwa na madoa ya manjano. Nikajisifu kwa mke wangu: "Unaona? Liwa hiyo!"

Akaifua mara tatu. Liwa hutoka kwa maji ya kwanza. Hii haikutoka.

"Bwana mwandishi," akaniita kutoka uani, akicheka, "liwa gani hii inayoshinda sabuni?"

Zaina hakucheka. Alitoa kikapuni tyubu ya krimu, ile ile iliyotia madoa, ikiwa imekunjwa mpaka shingoni. Tupu. Iliwaishia bandarini Ankify, waliposhuka botini wakingoja gari juani. Alitegemea kununua nyingine hapa.

"Ulisimama ukaniongopea hadharani," nikamwambia.

"Nilikusitiri, kaka. Mimi liwa inanitosha. Echata ilimwachia vidonda shingoni."

"Ungeniambia!"

"Wewe huambiwi. Wewe unaandika tu."

Nimetetea liwa, nikaliwa.

Krimu hainiumi. Linaloniuma ni kwamba dada yangu aliniogopa mimi kuliko jua.

Asubuhi nimekwenda dukani. Mwenye duka alinionyesha rafu tupu, kwa adabu inayokata.

"Nikuuzie makala yako, bwana? Ninayo moja ukutani."

Ataagiza, lakini kwa sharti: kwanza niandike, kwa jina langu, kwamba nilikosea.

Sasa ni saa nane mchana. Echata ameketi nyuma ya mlango, akichungulia wenzake wanaocheza uani. Shingo yake imeshaanza kuwa nyekundu. Kila mara anamuuliza mama yake kama jua limeshuka.

Sijamsamehe Zaina, na nitamwambia hivyo. Lakini jua la kesho halitangoja nimalize kukasirika. Karatasi iko mbele yangu, na sentensi ya kwanza nimeshaiandika:

Mpwa wangu anaihitaji kemikali niliyoifukuza.