Jina la Kijiko Limetoka Nje

Chumba cha pasi, hotelini,
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu za mdogo wako, mwanamume mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushika pasi. Wenzangu hapa dobini wanalia kwamba watoto wao hata salamu hawajibu. Mimi je? Na binti yangu tunaongea kila siku kwenye simu, picha ananitumia, siri ananiambia. Nawaambia, jamani, ubaba ni kipaji!

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanageuka kitandani? Mimi mzima. Mvuke wa pasi umeninyoosha makunyanzi yote, ukiniona utauliza huyu kijana katoka wapi.

Nimeikumbuka sebule yako, dada. Siku naondoka kuja kazini huku, nikamwacha kwako, mtoto alikaa pale mlangoni na kile kijiko chako kikubwa cha kupakulia, hataki kula kwa kingine, na mdomoni kwenyewe hakiingii. Tukamwita Kijiko. Sasa ana miaka kumi na mitatu, lakini nikifumba macho namwona palepale, anasubiri nigeuke nyuma. Na sikugeuka, maana ningerudi.

Sasa jambo lenyewe. Majuzi alitupia picha mtandaoni, kavaa sare, beji ya shule inasomeka, nyuma yake mlango wenu na namba ya nyumba. Mori ukanipanda. Badala ya kumwandikia pembeni, nikaandika palepale hadharani. Unajua darasa la sita lilinishinda, ila herufi kubwa nazijua: KIJIKO! TOA HIYO PICHA UPESI! NI MIMI BABA YAKO.

Jina la ndani ya nyumba, dada! Darasa zima likamcheka mpaka basi.

Na hilo si baya zaidi. Kuna mtu asiye na sura, picha yake ni gari tu, akalidaka jina. Akaandika chini yangu: "Kijiko umekua! Mimi rafiki wa baba yako. Njoo pembeni nikupe salamu zake." Huyo mtu simjui hata kivuli chake. Mtoto wetu, kwa adabu uliyomfunza, akajibu: "Shikamoo anko." Huyo mtu ufunguo wa mlango nimempa mimi, kwa mkono wangu.

Nilimsimulia mama mmoja ninayekunja naye mashuka. Tunamwita Meneja kwa jinsi anavyotuamrisha.

"Yaani ulimfokea mtoto mbele ya darasa zima?"

"Nilikuwa namlinda."

"Kwa kipaza sauti! Mwandikie dada yako. Na asimnyang'anye simu. Ataazima ya jirani, na hapo hamtaona kitu."

Basi dada, nakupigia magoti. Kaa naye jikoni, jifanye mjinga wa simu (samahani, si kazi kubwa), mwambie akufundishe, akuonyeshe watu wake mmoja mmoja. Mtu wa gari akitokea, uso wako usibadilike. Muulize tu, huyu uliwahi kumwona wapi kwa macho? Alichomwandikia mkitunze, halafu mumzuie na kumripoti. Picha ya beji na mlango itoke. Ukurasa aufunge, waingie anaowajua. Usiku simu zote zilale mezani kwako, hata ya shemeji, asione kaadhibiwa peke yake. Na ajue kwamba hata akikosea, kwako atakuja na hatapigiwa kelele. Kelele nimeshapiga mimi za kutosha.

Mtu mwingine akisema katumwa na mimi, muulizeni kijiko kiko wapi. Jibu msiliandike popote. Kiko chini ya mto wangu. Siku ile nilikitoa mkononi mwake nikimuaga, nikakibeba. Sasa umemjua mwizi wako.

Barua hii analeta dereva wetu anayekuja likizo, akukabidhi mkononi. Simu zenu zote anazishika mtoto mwenyewe, hata ya shemeji, ndiyo maana sikupiga.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa duka la vitambaa, mwambie bado mimi ndiye mzuri wa ukoo. Mungu alitazame paa lako na wote wanaolala chini yake.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Baba Kijiko

Dada, pale juu nimekudanganya. Hatuongei. Alinibloku siku ileile, leo wiki ya tatu, na wiki zote hizo niliona haya kukuandikia. Picha zake sizioni. Yule mtu wa gari sijui amefika naye wapi. Kabla hujaikunja barua hii, nenda kamwangalie.