Shangazi Amefundisha Darasa la Nne

Lubumbashi, Machi 1993

Shangazi yangu Émerance, mwenye samaki wengi na maneno mengi huko Kasenga,

Nakuandikia nikicheka peke yangu. Ndoa ni tamu, Shangazi! Symphorien wangu hata akipiga mswaki namtazama.

Walimu wenzake wenye asili ya Kasai wamefukuzwa mjini, kwa hiyo anafundisha madarasa matatu. Lakini ana akili! Anarekodi masomo, redio ya kaseti inafundisha darasa moja huku yeye yuko katika jingine. Kaseti tupu hazipatikani, nikampa zetu za muziki arekodi juu yake. Kumbe na yako ilikuwamo.

Jumatatu somo la mto Luapula liliisha, kaseti ikaendelea, na sauti yako ikatoka na mashauri ya harusi uliyonirekodia mimi tu: "Bwana akirudi amenuna, usimuulize kitu. Mupe kwanza bukari ya moto akule ashibe, halafu umukande mugongo."

Symphorien aliporudi, wanafunzi arobaini walikuwa wameandika yote. Jemima akanyoosha kidole: "Maître, ile ya mugongo itatoka mu examen?"

Symphorien aliniomba radhi mpaka nikamhurumia. Sasa husikiliza kila kaseti hadi mwisho kabla ya kuipeleka.

Jana na sisi tuliambiwa tuondoke, maana wazazi wa Symphorien walitoka Kasai. Jumamosi tunapanda treni ya kwenda Kasai, ambako hata yeye hajawahi kufika. Amemaliza kurekodi masomo ya mwaka mzima, na redio uliyotuzawadia inabaki darasani. Nilikwenda kuchukua kaseti yako, wasichana wakanizuia mlangoni: "Madame, utuachie Shangazi."

Nimewaachia. Mimi maneno yako ninayo kichwani, na mgongo nitaukanda ndani ya treni.

Mwana wako mwenye raha,
Gaëlle