Kofia ya Jino la Mwalimu Hilda

Dokta Somoe,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na kila mtu hapa Temeke ananiambia nikubali. Nimekubali kwamba umekufa, kwa sababu nilisimama pale wakifukia. Mengine yote nagoma.

Kliniki sasa anaiendesha Faraji, mtoto wa kaka yako. Ni daktari wa meno kweli, sitamsingizia. Ila ana haraka. Kofia ya jino, ile ya kufunika jino lililovunjika, uliyokuwa unaibandika saa nzima, yeye dakika kumi. Anapaka gundi ya kawaida, anabonyeza, "Uma hapo, mama," kwisha.

Wewe hukunifundisha hivyo. Siku zile za mwanzo, nikiwa msaidizi wako mpya, ulinipa kofia ya kauri iliyoharibika, ukaniambia nipitishe ukucha kwa ndani. Laini kama kioo. "Sasa Neema, gundi itashika wapi hapo?" Tukaipaka asidi, tukaiosha, tukaikausha, ndani ikawa nyeupe, ya kukwaruza kama chaki. Nilivyoshangaa, ulicheka mpaka ukavua miwani. Nakumiss, Dokta. Nakumiss mpaka nakasirika.

Jumanne iliyopita alikuja Mwalimu Hilda kubandikwa kofia yake iliyokuwa tayari; anafundisha darasa la kwanza Tandika. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika, kikabaki kisiki kifupi. Anaongeaga kafunika mdomo kwa kiganja. Anafundisha watoto kusoma, na "f" na "v" zinamtoka upepo mtupu. Watoto nao wanatamka vilevile, wakidhani ndivyo inavyosomwa. Aliniambia hilo machozi yakimlenga.

Nilikuwa nimeshaipaka kofia yake asidi Faraji alipoingia.

"Weka gundi ya kawaida, Neema. Foleni imefika nje."

"Kisiki kifupi, Dokta. Itang'oka."

"Shangazi amekwenda na taratibu zake."

Nikamwambia, "Hakwenda nazo. Aliniachia mie."

Akaniamuru nitoke. Sikutoka. Ndipo Mwalimu Hilda akainuka kwenye kiti, akatoa pamba mdomoni, akamwambia kama anavyowaambia watoto wake, "Baba, mie sibanduki hapa mpaka huyu dada amalize."

Faraji akaondoka. Alibamiza mlango.

Nikaifanya yote. Nikasafisha kisiki, nikakizungushia mpira mate yasikifikie, maana ulisema tone moja tu linaharibu kila kitu. Nikapaka ile dawa ya kuunganisha kauri na gundi, kisha gundi yenyewe, nikaikalisha kofia taratibu. Nikamulika taa ya kukaushia gundi kidogo, nikapitisha uzi kutoa gundi iliyozidi ikiwa bado laini, nikamulika tena mpaka ikakauka kabisa. Nilikuwa nakusikia: usibonyeze kwa hasira. Nilikuwa na hasira, Dokta. Sikubonyeza.

Mwalimu Hilda alishika kioo. "Fua," akasema. "Vaa. Fumbua." Akarudia tena, kiganja kikiwa mapajani.

Jioni Faraji akanipa barua ya onyo, eti nisaini kwamba nimekosa. Nikasaini jina. Chini yake nikaandika: "Nitafanya hivyohivyo tena." Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumamosi nikiwa na mgonjwa mwingine, nikamhisi kasimama nyuma yangu. Nilidhani kaja kunifukuza. Nilipozima taa akauliza, "Asidi unaiacha muda gani?" Nikamjibu. Hakuomba radhi, na mie sikumtabasamia.

Bado sijui kama mwezi ujao nitakuwa na kazi. Ila ahadi yangu ni hii: akiendelea kuuliza, nitamfundisha; akinitoa, nitaenda kufanya hivihivi Mbagala au Kigamboni, popote penye kiti na taa. Mtu akifumbua mdomo mbele yangu, sitamfanyia nusu.

Pumzika, Dokta wangu. Huku bado tunabishana.

Neema