Nusu ya Pili Iko Butiama

Nyamisi,

Siku ya mazishi yako sikuumwa kichwa. Shangazi alimwambia mwalimu kwamba nimeamka vibaya kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo, na gari la shule likaenda Butiama bila mimi. Nilikuwa nimelala na sare, viatu miguuni, nikisikiliza honi pale kona ya Nyasho. Ilipigwa mara mbili, halafu gari likaondoka. Sijawahi kumwambia mtu. Niliogopa kwamba watu wataniangalia nikilia. Sababu yenyewe ni ndogo hivyo. Unajua ninavyokuwa watu wakiniangalia, maana darasani ni wewe uliyekuwa unaninyanyulia mkono, halafu unasema, "Mwalimu, Bhoke ana jibu, ila mdomo umebaki bwenini." Wakati mimi hata bweni sikai, wa bweni ulikuwa wewe.

Tangu uondoke nimekuwa mjuzi wa bei ya kitabu kimoja. Shangazi anadhani nalinganisha bei ili ninunue. Mwalimu wa Baiolojia anadhani hivyohivyo, na kila Jumatatu ananiuliza, "Umepata?" nami namjibu, "Bado nalinganisha." Mtihani wa mwisho umekaribia na mimi nina nusu ya kitabu.

Unakumbuka siku tuliyokikata? Ulikuwa umekalia kitanda chako cha chini, wembe mkononi, ulimi umeutoa kidogo pembeni kama fundi. Mimi nilitaka tukate pale mada inapoishia. Wewe ukakataa, ukasema mada nyingine ni ndefu na nyingine ni fupi, na haki ni haki. Kurasa mia sita na ishirini, kwa hiyo mia tatu na kumi zako, mia tatu na kumi zangu. Tukapeleka nusu zote mbili kwa fundi viatu, akazishona kwa uzi wa viatu na kuzivalisha karatasi ya mfuko wa saruji. Mwalimu alipoziona alicheka mpaka akaegemea ubao. "Mabinti, mmekata mti katikati ya shina." Maana tulikuwa tumekata katikati ya mada ya mimea, katikati ya sentensi.

Kila Jumamosi tulibadilishana. Mwenye ya kwanza anatoa, mwenye ya pili anatoa, wakati mmoja, kama watu wanaosalimiana. Likizo ilipofika ulichukua ya pili ukapanda gari, ukaniambia kupitia dirishani, "Usisome kwingine, tutasomeana." Halafu ule ugonjwa wako wa damu, sikoseli, ukakuchukua kabla hujarudi shuleni.

Kwa hiyo nimeishi na ukurasa wa mia tatu na kumi. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini kwa Kiswahili chetu mstari wake wa mwisho unasema hivi: "Maji hupanda kutoka kwenye mizizi hadi kwenye jani la juu kabisa la mti mrefu kuliko yote, ingawa mti hauna moyo wa kuyasukuma, kwa sababu" — basi. Hapo ndipo wembe ulipopita. Mwalimu ametufundisha jibu na ninalo kwenye daftari, nukta kwa nukta. Lakini sikutaka jibu la daftarini. Nilitaka lile ulilokuwa unanisomea.

Duka la kwanza nililokwenda ni lile kubwa la mjini, lenye makabati ya vioo. Kipya ni elfu sabini na tano. Kimefungwa kwenye nailoni, kinang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Niliuliza kama naweza kukifungua kidogo. Kaka wa pale akasema, "Sista, ukifungua umenunua." Nikasimama nakiangalia kupitia kioo. Kwenye kioo nilijiona mimi, na nyuma yangu nikaona kama wewe, umeinamisha kichwa unasoma migongo ya vitabu kama ulivyokuwa unafanyaga. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitakuta rafu tu.

Kando ya soko kuna kilichotumika, elfu thelathini, kimekosa kurasa za mwisho. Kwenye duka la kudurufu wanatoa kopi kwa elfu ishirini, lakini mashine imekula pembeni na maneno ya ukingoni hayapo. Niliandika bei zote nyuma ya daftari la Kemia. Na kila kitabu kilichofunguka nilikifungua ukurasa wa mia tatu na kumi na moja, nikaweka kiganja juu yake kabla macho hayajafika. Nilikuwa napima tu kwamba bado upo. Nilihisi karatasi chini ya mkono, imepoa, nikakifunga na kusema, "Asante, nalinganisha kwanza."

Sasa nikuambie ukweli wa kulinganisha kwangu. Hesabu ilikuwa rahisi tangu mwanzo. Nusu ya pili iko Butiama, bei yake ni nauli. Nilichokuwa nakikimbia ni mlango wa mama yako. Nilikuwa nawaza nitapiga hodi, atatoka, ataniuliza mimi ni nani, na itabidi niseme kwamba mimi ni rafiki ambaye hakuja kuzika, na nimekuja kuchukua kitabu. Basi nikawa naenda madukani.

Usiku mmoja niliota ziwa limekauka, na chini yake mchangani zimetandazwa kurasa zetu, zimelaliwa na mawe madogo zisipeperuke. Wewe ulikuwa mbali unazikusanya kwa mpangilio. Nikakuita, ukanionyesha kidole mdomoni, kama mtu anayehesabu na hataki kupotezwa. Niliamka mkono wangu ukiwa umetanda juu ya shuka, kiganja chini.

Jana, Jumamosi, nilikwenda Bunda. Nilikuwa nimesikia kuna mama anauza vitabu vya mtumba pamoja na viatu vya mtumba, turubai moja, viatu huku, vitabu huku. Nilikuwa na elfu ishirini na tano kwenye soksi na nusu yangu kwenye begi, kwa sababu huwa naitembeza ili kulinganisha toleo. Nilimkuta mama mnene mcheshi, anapiga kiatu brashi.

"Karibu mwanafunzi. Mguu au kichwa?"

Nikamwambia kichwa. Alikuwa nacho, jani la kijani kwenye jalada, elfu ishirini na mbili, na ndani majina ya wanafunzi watatu, kila mmoja amemkata mwenzake kwa mstari. Nikasema kwa sauti yangu ile ya chini kwamba ni kuukuu.

"Kuukuu?" akasema. "Kipya kinajua nini, binti? Hiki kimeshafanya mtihani mara tatu. Kinaweza kikaingia chenyewe, wewe ukabaki nje unakula muhogo."

Nilicheka, Nyamisi. Nadhani ni mara ya kwanza tangu uondoke. Nikatoa nusu yangu nilinganishe, na yule mama akaacha brashi.

"Nyie watu wa nusu mnatoka wapi? Kuna mama mmoja wa Butiama amekuja hapa mara mbili. Ana nusu ya kitabu, nguo yake hiyohiyo ya mfuko wa saruji. Anataka anunue nusu ya mbele peke yake. Nikamwambia, mama yangu, hivi si vitenge, siwezi kukukatia."

Nikamuuliza anaitakia nini. Hapo sauti yake ikashuka. Akasema binti wa yule mama amefariki, na siku ya kuzika, mzee wa ukoo alisimama akauliza kama ilivyo desturi: nani anamdai marehemu, nani alimwazima kitu, ajitokeze familia ilipe, binti alale bila deni. Hakujitokeza mtu. Baadaye mama akafungua kitabu alichokiacha binti, akakuta ni nusu, haina mwanzo, haina jina. Akaona binti yake alichana kitabu cha watu. Tangu hapo anahangaika akikamilishe amrudishie mwenyewe, na mwenyewe hamjui.

Majina yetu yako kwenye ukurasa wa kwanza, Nyamisi. Kwenye nusu yangu. Na mtu ambaye angejitokeza alikuwa amelala Nyasho na viatu miguuni.

Sikununua. Nilimshukuru yule mama, akasema, "Nenda, mwanangu, mimi hivi viatu vitanilisha." Nikapanda gari mpaka Nyamuswa, na pale Nyamuswa nikachukua bodaboda ya kwenda kwenu Butiama. Sikumbuki njia vizuri. Nakumbuka ng'ombe walivuka taratibu, wengi, na dereva akazima pikipiki tukawasubiri, na kimya kile kilikuwa kama cha chumba cha kusomea. Nilikuwa nimekumbatia begi kifuani. Nilitamani ng'ombe wasiishe.

Mama yako alikuwa anageuza makopa ya muhogo juu ya lile jiwe kubwa ulilonisimulia, lile ulilosema likipata jua linachoma hata ndala. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuacha kugeuza, kisha akaona nimevaa sketi ya shule, mikono yake ikatulia ndani ya mihogo.

Nilifungua begi nikampa kitabu, nikamfungulia ukurasa wa kwanza. Akaniambia macho yake hayasomi vizuri, nisome mimi. Nikasoma mwandiko wako: "Mali ya Nyamisi na Bhoke. Ukikiokota mpe yeyote kati yetu, atamfikishia mwenzake."

Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Kumbe chenu," akasema. "Kumbe hakuchana cha mtu."

"Tulikikata wote, mama. Tulikubaliana."

Akakaa juu ya jiwe, katikati ya makopa. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Alikuwaga anakilalia huyu," akasema. "Mpaka hospitali alikwenda nacho. Na gari la shule lilipofika niliwahesabu wanafunzi. Nilikuwa namtafuta Bhoke. Kwa sura simjui, jina tu nalijua, kila siku Bhoke, Bhoke."

Nilikuwa na lile neno la kichwa tayari mdomoni. Nikaliacha. Nikasema, "Niliogopa, mama." Akaniangalia kwa muda mrefu, nami nililia nikiangaliwa, na hakuna kilichotokea. Kuku walipita. Akanisogezea ungo, tukageuza makopa pamoja upande mmoja wa jiwe mpaka tukakutana na upande wa pili. Habari ya kichwa ni yako peke yako, kaa nayo.

Kisha akaingia ndani, akatoka na nusu yako imefungwa kwenye kitambaa cha maua. Tukaenda kwako. Umelazwa chini ya mkaratusi, sijui kama unajua, mti mrefu na mweupe, juu kabisa majani yanacheza ingawa chini hakuna upepo. Mama yako akasema nisome chochote, hata Kiingereza, utasikia. Nikafungua ukurasa wa mia tatu na kumi na moja. Sikuweka mkono.

Nilianza na mstari wangu nikauunganisha na wako, kisha nikautafsiri kwa ajili ya mama: "Maji hupanda, ingawa mti hauna moyo wa kuyasukuma, kwa sababu kila tone limeshikana na lililo chini yake, na la juu likiondoka kwenye jani, linayavuta yaliyobaki."

Mama yako aliangalia juu kwenye majani. Akauliza, "Ndivyo inavyosema?" Nikasema ndivyo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaondoa jani moja lililokuwa limeanguka juu ya udongo wako.

Pembeni ya aya hiyo kuna penseli yako. Umeandika, "Hapa Bhoke atauliza: la kwanza kabisa nani alilivuta?" Ni kweli ningeuliza. Sijui bado, Nyamisi. Nikijua, nitakuja kukuambia. Hilo nakuahidi, na nakuahidi kwamba mwakani darasa lolote nitakalokaa nitanyanyua mkono wangu mwenyewe, hata watu wakiniangalia. Lala sasa. Hudaiwi na mtu.

Wakati wa kuondoka nilitaka kumwachia mama nusu zote mbili, zikae pamoja. Akakataa. Akauliza mimi na wewe tulikuwa tunafanyaje. Nikamwambia, kila Jumamosi, wa kwanza anatoa, wa pili anatoa. "Basi lete," akasema. "Jumamosi kila wiki utachoka. Njoo mwisho wa mwezi." Tukanyoosha mikono wakati mmoja. Alichukua ya kwanza, akaifunga kwenye kitambaa cha maua. Mimi nikachukua ya pili, nikaweka begini, nikarudi Nyasho na gari la saa kumi. Leo baada ya misa nimechana ule ukurasa wa bei nyuma ya daftari la Kemia, nimekaa dirishani kwa shangazi, na nimeanza kusoma ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili.

Bhoke