Mbuzi Mmoja wa Majaribio

Shangazi Kanini mpendwa,

Naomba msaada wako, na usijisumbue kulificha jina langu, kwa maana Emali yote kuanzia sokoni hadi stesheni ya reli inajua yaliyonipata, na wapo wanaonisalimia kwa kulia kama mbuzi.

Naitwa Ngure, nimezaliwa hapa hapa Emali baada ya wazazi wangu kuhama kutoka Murang'a na kufungua duka la nafaka, kwa hivyo Kikamba nakisema na mahindi ya muthokoi nayala bila kusukumwa, na ndiyo maana naona haya zaidi kwa sababu siwezi hata kujitetea kwamba mimi ni mgeni. Naongoza shirika dogo liitwalo Anzia kwa Mtu, na kazi yetu ni kuwafundisha maafisa wa kaunti, vijana na vikundi vya akina mama namna ya kubuni kitu kwa kuanza na yule atakayekitumia, yaani ukitaka kujenga kioski cha maji unaenda kwanza ukae na wanaoteka maji, uwasikilize, kisha utengeneze sampuli rahisi hata ya katoni, waijaribu, waikosoe, ndipo ujenge chenyewe. Viongozi tuko wanne: mimi mkurugenzi, Wacuka msimamizi wa mafunzo, Ndolo wa kutoka Kitui ambaye kazi yake ni kuzungumza na wanavijiji, na Kalunde wa Kilungu, msimamizi wa miradi. Kalunde ndiye shida yangu, yaani hapana, Kalunde ndiye furaha yangu, shida ni mimi.

Tumependana, tukakubaliana kuoana, na baba yake, Mzee Mulei, akatukaribisha nyumbani kwa ntheo, ile siku ambayo upande wa mwanamume unapeleka mbuzi kwa kina msichana, na kama ujuavyo Shangazi, kabla hiyo haijafanyika msichana bado ni wa baba yake hata kama mmeshachapisha kadi za harusi. Sasa badala ya kwenda kwa baba yangu mdogo kuulizia inavyofanywa, mimi niliitisha kikao cha viongozi. Kalunde tulimwomba atoke nje, kwa sababu Wacuka alisema ana maslahi katika jambo hilo. Tukabandika karatasi za rangi ukutani kama kawaida yetu, na katika kikao cha mawazo sheria yetu ni moja, hakuna wazo baya, mtu akitoa wazo hapingwi, basi mimi nikaandika kwenye karatasi ya manjano kwamba tupeleke mbuzi mmoja kwanza. Niliona kama hekima kubwa, Shangazi, kwamba wazee wamtazame yule mmoja, watoe maoni kuhusu rangi na unene, nasi tuboreshe, halafu wengine waje wakiwa sawasawa. Wacuka alipiga makofi. Ndolo, ambaye ni Mkamba na mke wake alimtolea ntheo mwenyewe, alinyamaza kimya, na nilipomlaumu baadaye akaniambia, "Boss, si ni wewe ulisema hakuna wazo mbaya? Mimi nilifuata sheria."

Basi Jumamosi tukaenda Kilungu na gari la shirika, mimi, Wacuka, Ndolo na mbuzi. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti uani, akina mama wamepika, mambo yote yamepangwa kwa heshima. Mzee Mulei alimtazama mbuzi, akazunguka akachungulia nyuma ya gari, akarudi.

"Mbuzi ni moja? Hizo zingine ziko wapi?"

"Baba, hii ni sampuli," nikasema. "Tumeileta muiangalie, mtupatie maoni."

Wakati huo Wacuka alikuwa ameshawagawia wazee karatasi na kalamu waandike kilichowapendeza na kinachohitaji kuboreshwa. Mzee mmoja akauliza kama ni kura.

Mzee Mulei hakukasirika, na heri angekasirika. Aliingia ndani, akatoka na picha ya Kalunde akiwa amevaa joho la kuhitimu chuo, ile kubwa yenye fremu inayotundikwa juu ya televisheni, akaniwekea mapajani. "Sawa," akasema. "Na sisi tumekupatia sampuli ya bibi. Enda ukae na yeye, uangalie kama anakufaa, halafu ukuje utupatie maoni." Shangazi, wazee walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Tulilishwa tukashiba, mbuzi akabaki, nasi tukashuka vilima vya Kilungu nimekumbatia picha, na Ndolo mbele anatikisika mabega akijifanya anakohoa.

Tangu hapo Kalunde ananiita Bwana Mkurugenzi. Jambo moja tu ndilo aliloniuliza lisilo la kazi, akasema, "Picha yangu umeiweka wapi?" nami nikamwambia ukweli kwamba iko salama kwenye kabati la ofisi, pamoja na kalamu na katoni za mafunzo. Alinitazama, akaondoka, na kesho yake akaandika kuomba ahamishwe akaongoze ofisi yetu mpya ya Kitui, na mwisho wa mwezi ni lazima nimjibu. Nimejaribu kila njia, nimemhoji mama yangu, nimemhoji mchungaji, nimemhoji mlinzi wa ofisi na mama anayetuuzia chai, na maoni yao nimeyapanga ukutani kwa makundi. Wacuka anapendekeza sampuli ya pili, ya mbuzi wawili. Ndolo anasema hakuna wazo baya. Mimi nampenda Kalunde, Shangazi, sitaki nimpoteze, nifanye nini?

Wako aliyechanganyikiwa,
Ngure, Emali

SHANGAZI KANINI ANAJIBU

Ngure mwanangu,

Barua yako nimeisoma hapa Kikima nikichambua ndengu, na imebidi nizichambue upya kwa sababu nilicheka nikatupa nzuri nikabakiza mawe. Pole sana. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri nikuambie.

Mganga hajigangi, lakini wewe umezidi. Unafundisha kaunti nzima kuanza na mtu, halafu siku ya jambo lako mwenyewe, mtu mwenyewe ukamtoa nje akasimame mlangoni! Eti ana maslahi. Kwa nini asiwe nayo? Ni ndoa yake! Na mpaka leo hujajifunza. Umemhoji mama, umemhoji mchungaji, umemhoji mlinzi. Mlinzi ndiye anayeolewa? Barua yote nimeipekua nikitafuta mahali ulipomuuliza Kalunde anataka nini, na sijapaona.

Kuuliza si ujinga, hilo mnalifundisha vizuri na mwendelee nalo. Ila ntheo si kioski cha maji. Mbuzi wa ntheo ni watatu, na wazee wakiwatazama hawatazami unene wala rangi. Wanakutazama wewe, kama umeamua. Mbuzi mmoja anawaambia wazee, "Huyu kijana bado anajaribu." Ni baba gani atampa binti yake mtu anayejaribu?

Lakini mshukuru Mungu kwa kukupa Mzee Mulei. Angetaka kukukataa, angekufungia mbuzi wako kwenye gari na kukuonyesha njia ya Emali. Amekulisha, mbuzi amembakiza, na picha ya binti yake amekupa uondoke nayo. Kitu cha mtu kikiwa kwako, lazima ukirudishe. Mzee alikuachia sababu ya kurudi kwake, nawe ukaichukulia kuwa ni aibu tu.

Sasa hilo kabati. Ngure! Msichana hakukuuliza habari ya mbuzi. Hakukuuliza hata kwa nini ulimwaibisha mbele ya baba zake. Alikuuliza umemweka wapi, nawe ukamjibu kwamba umemweka na katoni. Kitui ni kuzuri, nina dada yangu huko, lakini mtu haombi kuhamia Kitui kesho yake ya jibu kama hilo kwa sababu anatafuta hewa safi. Na bado nakwambia usikate tamaa, kwa maana mwanamke aliyekuchoka haulizi picha yake iko wapi. Anatuma mtu aje aichukue.

Fanya hivi. Leo, kabla hamjafunga ofisi, itoe picha kabatini uifute vumbi. Bandua makaratasi yote ya maoni yaliyoko ukutani, la mlinzi likiwa la kwanza. Kisha mwite Kalunde pembeni, bila kikao, bila Wacuka, umwombe msamaha kwa mambo mawili, mlango na kabati. Halafu muulize anataka nini, unyamaze. Nasema unyamaze! Usimpe kalamu.

Akisema bado anaitaka Kitui, mpe Kitui. Ole wako ukiitumia kalamu ya ukurugenzi kumzuia, hapo hata mimi nitakuja Emali nikulilie kama mbuzi. Kitui si mwezini, na mke wa mkurugenzi hakatazwi kuwa na ofisi yake.

Akikukubali, nenda kwa baba yako mdogo ambako ulipaswa kwenda tangu mwanzo. Tafuta mbuzi watatu kamili. Yule wa kwanza usimhesabu, huyo ni faini yako. Beba sukari, na blanketi zuri la mama mkwe, mkono mtupu haulambwi. Ndolo umwambie sheria yenu imekufa: akiona jambo linaharibika na akanyamaza tena, atabaki kuchunga mbuzi kule kule Kilungu. Wacuka anaweza kuja, ana moyo mzuri, ila mkoba wake upekuliwe langoni.

Mkifika, waache wazee waongee na wazee. Wewe shika picha kwa mikono miwili na ufunge mdomo, mpaka Mzee Mulei akugeukie akuulize yale maoni aliyokutuma. Maana atakuuliza, namjua mtu wa namna yake, ameyangoja kwa hamu kuliko hao mbuzi. Hapo simama, mrudishie picha yake, umwambie: "Baba, hii irudi ukutani. Mimi nimekuja kwa ajili ya Kalunde mwenyewe."

Shangazi Kanini
Kikima