Ndege Mbili na Mluzi Mmoja

Baba, shikamoo. Nairobi kuna baridi, nimekumbuka moto wa zizini.

Jana nilikosea. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuongoza ndege kwa redio tukiwa chini, kwenye kompyuta, mbili zikawa zinaelekeana. Rubani mmoja akaniambia mtambo wa ndege yake wa kuzuia kugongana umemwamuru apande juu. Kwa hofu nikamwambia, "Shuka." Mwalimu akasimamisha zoezi. "Mitambo ya ndege zote mbili imeshapatana nani apande, nani ashuke. Wewe nyamaza."

Nililia, Baba. Nikakumbuka kijia chetu cha mtoni, pale Msangano, makundi mawili ya ng'ombe yalipokutana uso kwa uso, nasi watoto tukapiga kelele. Ulituuliza, "Tukiita wote, wamsikilize nani?" Ukapiga mluzi peke yako, wakapishana.

Leo nimerudia. Rubani aliposema mtambo umeongea, nilimjibu nimesikia, kisha nikabana midomo kama nilivyoibana siku ile nyuma yako. Zikapishana.

Mama aniwekee michembe ya viazi. Na ukisikia ndege inapita juu ya zizi, ujue ipo siku watu wa humo watafika kwao kwa sababu ulinifundisha kunyamaza.

Mwanao,
Kabula