Geji na Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Leo nimekuwa mpelelezi. Nimejivunia upelelezi wangu mpaka chai ikapoa.

Mambo yenyewe ni haya. Mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, tuna pikipiki ya maji. Tuliinunua kwa pamoja, ikiwa imeshazeeka. Zamani ilikuwa nyekundu, sasa ina rangi ya ufizi. Tunaiita Bikizee. Analala bandani, kando ya ziwa, na funguo za banda ni mbili tu: mmoja wangu, mmoja wa Shemeji. Jumapili iliyopita nilimwacha tangi limejaa. Geji ya mafuta ilisema hivyo kwa sindano yake mwenyewe. Leo nafungua banda, nazungusha swichi — sifuri!

Nikapiga hesabu. Funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Mimi sikuiba.

Mchana, sote wanne tulikuwa mezani, yeye na mkewe, mimi na mke wangu. Ningeweza kumvuta pembeni. Hapana. Nilisubiri mpaka aweke tonge mdomoni, nikauliza, kwa sauti ninayoitumia kwa wanafunzi walionakili majibu: “Hivi Shemeji, mafuta ya Bikizee anayanywa nani?”

Akatafuna. Akameza. Akauliza kama ninamaanisha yeye. Nikasema mimi sijamtaja mtu, nauliza swali la kisayansi tu. Akatoa ufunguo wake, akauweka karibu na sahani yangu, akamwambia mkewe waende.

Nimeshinda kesi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu hasemi. Yaani anasema, lakini na sufuria tu.

Jumatano, 6 Machi

Baada ya vipindi nimepita bandani. Nimezungusha swichi.

Tangi limejaa!

Sijaongeza hata tone. Nimesimama pale na mkoba wangu wa madaftari, nikafikiri kwa makini, kama inavyompasa mwalimu wa fizikia mwenye miaka ishirini na tatu kazini. Jibu likaja: dhamiri imemsuta. Amekuja kimyakimya, amerudisha.

Nimefika nyumbani nimenyooka kifua. Nikamweleza mke wangu kwamba kaka yake, pamoja na yote, bado ana utu.

Akaniangalia. “Amerudisha?”

“Amerudisha.”

“Bandani ameingia na ufunguo upi?”

Nikapapasa mfuko wa koti. Zimo zote mbili.

Akacheka mpaka akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumapili, nayo ndiyo hayo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegonga dashibodi ya Bikizee kwa kidole. Sindano ikaanguka sifuri. Nikagonga tena. Ikapanda, imejaa. Gonga, sifuri. Gonga, imejaa. Katikati hakuna kitu.

Kwa hiyo geji ni mbovu. Kwa hiyo mafuta hayakuibwa. Kwa hiyo mimi ni —. Sitaandika. Daftari likija kuokotwa je?

Mke wangu anasema niende leo leo kwa kaka yake. Nimesema kwanza nitengeneze, niende na ushahidi.

“Ushahidi wa nini?”

Kwamba kosa ni la kifaa.

“Kifaa ndicho kilichofungua mdomo mezani?”

Nimejibu kwamba nina karatasi za kusahihisha.

Jumamosi, 9 Machi

Kutwa nzima bandani. Nimeazima mita ya umeme ya maabara ya shule (nimejiazimisha mwenyewe, nimejisainia). Nikafungua kiti, nikaacha mvuke wa petroli utoke, nikang'oa betri. Nikapima fyuzi: nzima. Nikafuata waya unaotoka kwenye geji hadi nyuma kabisa, nimelala kifudifudi, miguu hewani. Nikakuta kiungio kimeota kutu ya kijani. Nikasugua kwa mswaki. Mswaki wangu wa meno — wa jana, si wa leo.

Nikarudisha kila kitu. Skrubu mbili zikabaki. Sindano ikapanda mpaka imejaa, ikatulia. Nikagonga. Imetulia! Nikagonga kwa ngumi. Imetulia!

Mama fundi wa boti wa banda la jirani, yule tunayemwita Propela kwa sababu hatulii, alikuja kuchungulia. Nikamweleza kuhusu ukinzani, na kiungio kichafu, na mkondo. Nilichora hata mchoro mchangani. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, na spana mkononi. Kisha akauliza: “Umechovya kijiti tangini, Mwalimu?”

Nikasema kijiti cha nini, na geji imeshapona.

Akasema, “Haya.”

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa nimejifunga shuka. Nguo ziko kambani.

Kwa kuwa tangi “limejaa,” niliamua kulizunguka ziwa lote, nipite na mbele ya duka la mikate la Shemeji, lile linalotazama maji, aone kwamba mtu hana wasiwasi. Nilipita. Nilipunga mkono hata. Mbele kidogo Bikizee akakohoa mara mbili, akanyamaza.

Geji: imejaa.

Sikutaharuki. Mashine za zamani zina swichi ya rizevu: mafuta yakikuishia unaigeuza, unapata kiasi cha kukufikisha ufukweni. Nikainama niigeuze. Ilikuwa imeshageuzwa. Niliigeuza mwenyewe, mwezi wa kwanza, nikasahau kuirudisha. Nimekuwa nikinywa akiba tangu mwaka mpya, mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusoma vipimo!

Nilielea saa nzima na ushee. Upepo ulinizungusha taratibu, kila upande wa mji ukanitazama vizuri.

Waliokuja kuniokoa ni wachumba wawili kwenye boti ya kupiga pedali, yenye umbo la bata. Bata mweupe. Walinifunga kamba mkiani pake. Yule binti aliuliza kama nina haraka, maana mchumba wake goti linamsumbua. Nikasema hapana, wasijali. Tukaenda kwa mwendo wa bata. Karibu na gati nikateleza, nikatumbukia.

Shemeji alikuwa amesimama gatini, aproni kiunoni, unga mpaka viwikoni. Duka kaacha na nani, sijui. Nilijiandaa kuchekwa. Nilitaka anicheke, kwa kweli. Ningejua pa kuanzia. Hakucheka. Alinishika mkono akanitoa majini, akapokea kamba kwa wale wachumba, akawashukuru, akamfunga Bikizee mafundo mawili, akaondoka.

Mkononi mwangu ulibaki unga, umelowa, umekuwa donge.

Jumanne, 12 Machi

Sijaenda kwake. Jana kulikuwa na kikao. Leo nilikuwa na kikohozi.

Sikuwa na kikohozi.

Jumatano, 13 Machi

Nimempelekea Propela mashine, mkia nimeufyata. Hakuhitaji hata mita. Alichomoa nyaya mbili zinazoingia tangini, akazigusanisha, sindano ikapanda. Akaziachanisha, ikaanguka. “Geji yako nzima. Ugonjwa uko ndani ya tangi.” Sekunde kumi! Mimi nilimaliza Jumamosi yangu na mswaki.

Akafungua juu ya tangi, akachomoa kile kifimbo chenye boya — boya linapanda na kushuka na mafuta, ndilo linaloiambia geji. Lilikuwa limekwama juu kabisa. Na pale nyaya zinapoungana na kifimbo, lehemu imepasuka ufa kama unywele. Ufa ukigusana, geji inaliamini boya: imejaa. Ukiachana: sifuri. Mafuta yenyewe yalikuwa hayaulizwi.

Nikasema, kwa furaha, sasa nina ushahidi!

Akaendelea kusugua lile boya. Akasema si ni kitu ambacho Shemeji alikuwa anakijua siku nyingi? Nikauliza kakijuaje. Akasema Shemeji mwenyewe ndiye aliyenieleza, yeye Propela akisikia, hapo hapo mlangoni, kwamba geji inacheza, nipime kwa kijiti.

Nikakumbuka. Ilikuwa kabla ya mvua. Nilimjibu kwamba yeye aoke mikate, umeme aniachie mimi. Nilidhani nimechekesha.

“Ndipo akaanza kuja na kidumu,” Propela akasema.

Kidumu gani?

“Kila Jumamosi, akishafunga duka. Anachovya kijiti, anaongeza. Anasema wewe Jumapili unaenda mbali, na huogelei vizuri.”

Nilikaa juu ya injini ya mtu.

Mwezi mzima nimejisifu chumba cha walimu kwamba Bikizee hanywi mafuta, kwamba siri ni kujua kuendesha. Mtu niliyemwita mwizi ndiye aliyekuwa anajaza. Nilipochukua ufunguo wake, Jumamosi ile kidumu hakikuja. Jumapili nikaenda mbali kuliko siku zote, nikavutwa na bata.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemweleza mke wangu yote. Habari za kidumu hakuzijua hata yeye. Akakunja nguo tatu. Kisha: “Na bado umekaa hapa?”

Nimeandika msamaha. Ukurasa na nusu. Neno “kifaa” limo mara saba, neno “mimi” mara moja, nalo ni katika “mimi pia nilipata hasara.” Nimechana.

Wa pili ulianza na “Kama ulikwazika.” Nimechana kabla mke wangu hajafika mlangoni.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga, nyuma ya duka la Shemeji. Suruali nyeusi. Nilivaa ya heshima, bahati yangu.

Nimefika saa nne, duka limejaa watu. Mkewe alinielekeza huku nyuma bila kunisalimia, nami nikamsalimia mara mbili, yaani ya kwake na ya kwangu. Shemeji alikuwa kwenye mashine ya kukandia, inanguruma kama lori. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa na sentensi moja tu, bila kifaa ndani yake.

Nikaisema. Akaonyesha sikio lake: hasikii.

Nikaisema tena. Akatikisa kichwa.

Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote — na mkewe, kule kwenye swichi ya ukutani, akazima mashine.

“NILIKUSINGIZIA WIZI, NA WEWE NDIYE ULIYEKUWA UNAJAZA!”

Foleni yote iligeuka. Mama mmoja mwenye kapu alishusha kapu lake chini ili asikilize vizuri. Mwalimu mwenzangu wa jiografia alikuwemo, bila shaka, angekosaje.

Shemeji alipangusa unga mikononi. Akasema, taratibu, kwamba sehemu ya mwisho kaisikia. Ya kwanza nirudie.

Nikarudia. Sauti ya kawaida. Watu wote wakasogea.

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alionyesha gunia hili, akasema, “Kaa hapo. Wateja wakiisha tutaongea. Nina mengi.”

Basi nimekaa. Naye anauza. Kila mtu anachagua mkate polepole, anamuulizia watoto wake, hata bibi mmoja mgeni kabisa. Nilianza kuandika wakiwa tisa kwenye foleni. Sasa watatu.

Wawili. Yule wa kapu hataki kuondoka, anauliza kama maandazi ni ya leo.

Ameondoka. Mmoja.

Shemeji anakunja aproni. Anavuta kiti.